Paa Tulilolivunja Nyumbani kwa Kahindi

Siku ya kuniaga mlikata keki, mkanipa saa ya ukutani, na mkubwa mmoja aliyeletwa na gari la kaunti akasema maneno mengi mazuri juu ya mtu ambaye mimi simjui. Halafu mkapiga makofi mkasema, "Mzee Athumani, tupe neno." Nikasimama, nikawashukuru kwa soda, nikaketi. Kuna waliocheka wakidhani ni mzaha wangu wa kila siku. Haukuwa mzaha. Basi neno lenyewe ni hili, nawaandikia, kwa kuwa mtu akiandika hakuna amwonaye uso.

Vyeo sitavitaja, wala mshahara, mwaujua ulivyo. Nataka kuwaeleza tulivyofanya kazi ya faya, kuzima moto, hapa Malindi kabla hamjaja, mimi na wenzangu wawili ambao picha zao hazimo pale ukutani. Sisi tulikuwa na desturi yetu. Paa la mtu tukiliangusha ili kuzuia moto, tulirudi wenyewe siku ya mapumziko tukaliezeka. Katika mapaa yote niliyoyaangusha, ni moja tu ambalo hatukulirudisha. Lilikuwa la rafiki yangu Kahindi, na ndilo lililomuua.

Siku ya kwanza kazini nalivaa shati jeupe. Mama alilipiga pasi mwenyewe akidhani mwanawe amepata ofisi. Nami nalidhani nitapewa mpira wa maji na kofia ya chuma. Msimamizi wa zamu alikuwa Ami Omari, mtu mfupi, mkavu, mwenye ulimi mkali. Akanitazama kuanzia kichwani hadi viatuni, akatoa meno yake ya bandia, akayatia mfuko wa shati, kisha akanikabidhi upembo. Upembo mwaujua, ule mti mrefu wenye ncha iliyopinda, kwenu mwaangulia maembe. Wetu ulikuwa na kulabu ya chuma iliyofuliwa na mhunzi, mzito, na ukiubeba vibaya bega lakuuma siku kadha.

"Panda banda lile," akaniambia. "Literemshe paa."

"Laungua, Ami?"

"Lingekuwa laungua ningekutuma wewe?"

Nikapanda na shati langu jeupe. Nalilipiga lile paa kama mwenye kugombana nalo. Vumbi, popo, taka za panya, vyote vikanishukia mimi, na paa likabaki pale pale. Chini kulikuwa na kijana wa makamo yangu ameketi juu ya ndoo, akila muhogo, ananitazama kwa huruma. Alipoona nimekwisha pumzi akaweka muhogo chini.

"Mwenehu," akaniambia, ndiko kusema ndugu kwa Kigiriama, "paa halipigwi. Paa lafunguliwa."

Akapanda kwa mikono mitupu. Akakata kamba mahali pachache alipopajua yeye, akavuta mara moja, na upande mzima ukateremka chini umeshikana vile vile, fito na makuti. Huyo ndiye Kahindi. Kwao ni Ganda, na babake alikuwa mwezekaji aliyeitwa huku na huku. Alikuwa amejifunza kuezeka kabla hajajua kusoma, kwa hivyo kuezua kwake kulikuwa mchezo.

Nikaja kufahamu baadaye kwa nini Ami alitoa meno. Mara moja nusura ayameze akiwa kazini, akaapa hayatamwua yeye. Tangu hapo, kila palipokuwa na kazi ya hatari aliyatia mfukoni. Tukiwa ndani ya lori twaelekea motoni, hatukumwuliza ni mkubwa kiasi gani. Tulimtazama mkono. Ukienda mdomoni, basi tulijua leo ni leo.

Nyinyi sasa muna gari lenye pampu na redio. Sisi tulikuwa na lori lililowaka likipenda, na king'ora kilichokufa zamani, ikawa Kahindi ndiye king'ora: atoa nusu ya mwili dirishani, apiga mlango kwa spana na kupiga kelele "Tupisheni!" Tangi lenyewe lilivuja. Maji yake yalitosha kulowesha, hayakutosha kuzima. Na nyumba za mitaa yetu enzi hizo zilikuwa makuti kwa makuti, paa la huyu lagusa la yule. Makuti makavu yakishika moto, upepo huyabeba yangali yanawaka na kuyatua kwa jirani.

Ndiyo maana Ami Omari alitufunza tofauti. "Msiutazame moto," alikuwa akisema. "Huo ushakula ulichokula. Tazameni upepo waupeleka wapi." Nyumba inayoungua, imekwenda. Inayofuata chini ya upepo, nayo ihesabu imekwenda, maana hutawahi. Ya tatu ndiyo yako. Hiyo ya tatu, nzima, haina hata moshi, ndiyo tuliyoipanda tukaitoa paa na kuburura makuti mbali, kisha maji yetu kidogo tukayamwaga kwenye kuta tupu. Moto ukifika hapo haukuti cha kula, nao wafa.

Sasa mwelezeni hayo mwenye nyumba ya tatu. Wacha! Tumepigwa mawe, tumemwagiwa maji ya uji. Mimi nimechapwa kofi na bibi mmoja ambaye angeweza kuwa nyanya yangu, na sikuwa na la kufanya ila kusema shikamoo na kuendelea kuvunja. Jirani asiyeungua aliona sisi ndio tuliomuunguza. Ami Omari akachoka kutukanwa kila aendapo sokoni, na hapo ndipo alipoanzisha ile desturi. Wala haikuwa kwa upole. Alitwambia, "Jumapili njooni na kamba. Mikono iliyovunja ndiyo itakayoezeka. Asiyetaka aende akatafute kazi ya kuuza leso."

Hakuna mkubwa aliyetuamuru na hakuna aliyetushukuru. Lakini wallahi hizo Jumapili ndizo ninazozikumbuka nikilala. Kahindi juu kwenye mwamba wa paa, mimi katikati, Ami chini anakosoa. Mimi ni mtoto wa mjini, nimezaliwa ndani ya nyumba ya mawe, kufunga fundo la kamba ya makumbi kulinishinda kabisa. Kahindi alikuwa akingoja nimalize safu, kisha apita nyuma yangu azifungua zote na kuzifunga upya, taratibu, akipiga mbinja. Nikimuuliza kuna nini, husema, "Hakuna kitu, mwenehu. Naona wafunga paa kama mfuko wa sukari."

Mwezi wa Ramadhani hakula mbele yangu hata siku moja. Asubuhi alitangaza kwamba naye amefunga ili anisaidie. Jua likisimama kichwani alikwenda nyuma ya tangi "kuangalia boliti," na akirudi ana makombo ya mahamri kwenye ndevu. Mimi nami nalimwombea Mungu ampokelee. Jioni mkewe, Dama, alileta futari ya muhogo wa nazi kwa mkono wake, kutoka mtaani kwao, akiniita shemeji, akikaa mpaka nimalize ili arudi na bakuli lake. Siku zisizokuwa za mfungo ilikuwa sima na mboga chungu ya mtsunga. Nikikunja uso kwa ule uchungu, yeye na mumewe walicheka mpaka wakashikana.

Sitaki mdhani ilikuwa kicheko tu. Kazi hii mwaijua. Kuna siku tuliitwa upande wa Adu, mbali, njia ya mchanga, na lori likatuzimikia mara mbili. Tulipofika kulikuwa na kuta nne nyeusi na watu wamesimama kimya. Hakuna aliyeturushia jiwe, na hilo lilinitisha kuliko mawe. Ndani alikuwamo mama mzazi wa mwenye boma, aliyekuwa hawezi kutembea, na mjukuu aliyerudi kumtoa. Kahindi akavua shati lake akawafunika. Njia nzima ya kurudi alikaa kifua wazi, wala hakupiga mlango kwa spana, kwa kuwa hapakuwa na haja ya kupishwa. Tulipofika stesheni hakwenda kwake. Akaja kwetu, akaketi barazani na mimi mpaka magharibi, kisha akaondoka. Mke wangu akaniuliza alitaka nini. Nikamwambia hakutaka kitu. Nyinyi wenye kazi hii mtafahamu.

Sasa nafika pale.

Nyumba ya Kahindi mjini ilikuwa ya udongo na makuti, mtaa wenye nyumba zilizobanana hadi barabarani. Mlango wake ulikuwa mwekundu. Tuliupaka mimi naye kwa rangi iliyobaki tulipopaka lori. Nilikuwa nikipita hapo nikimsikia Dama akimwambia boriti ya katikati imeingia mchwa. Unga wake ulimwagikia kitandani. Alimwambia kwa mzaha kwanza, kisha bila mzaha. "Mwezekaji wa mji mzima," alisema, "na kwake kwanguka." Kahindi alikuwa na jibu moja: Jumapili. Na Jumapili ikifika tuko kwa mtu mwingine, tunarudisha paa la mtu mwingine.

Ilikuwa msimu wa kaskazi, baada ya adhuhuri, jua kali na upepo wa kung'oa nguo kambani. Tukaitwa, tukatajiwa mtaa. Ulikuwa mtaa wa Kahindi. Akaenda nyuma ya lori akaanza kulisukuma peke yake kabla hatujafika kumsaidia. Ndani ya lori nikamtazama Ami mkono. Ulikwenda mdomoni.

Tulipofika, nyumba ya kwanza ilikuwa yaanguka na ya pili yaanza kutoa moshi kwenye upenu. Ami Omari akaruka chini, akachota mchanga akaurusha juu kuuona upepo. Kisha akainua upembo kuonyesha, kama siku zote: moja, mbili. Ya tatu hakuionyesha. Upembo ulibaki hewani, halafu akauteremsha. Sote tuliuona mlango mwekundu.

"Ya nne," Ami akasema kwa sauti ndogo. "Tutavunja ya nne."

"Ami," Kahindi akamwambia, "tukianza ya nne, moto utakuwa ushafika ya tatu, utatukuta juu ya paa. Si ndiwe uliyetufunza?"

"Nakwambia ya nne!"

"Mtaa wote utakwenda, Ami." Akamtoa upembo mkononi, kwa adabu, kama mtu anayempokea mzigo mzee wake. "Ya tatu ni yangu. Athumani, twende."

Dama alikuwa mlangoni. Alikuwa ameshatoa godoro, masufuria na vitabu vya binti zao. Alipomwona mumewe anakuja mbio, uso wake ulikunjuka. "Umekuja," akasema. Nalimsikia kwa masikio yangu. "Umekuja." Halafu akauona upembo.

"Kahindi. Waja kuvunja kwako?"

"Toka hapo, Dama."

"Kila Jumapili waezeka kwa watu, na leo wavunja kwangu?"

Kahindi akapanda upande wa kushoto, mimi wa kulia. Nilizijua kamba za lile paa. Yeye mwenyewe ndiye aliyenifunza zinakaa wapi. Upande wangu ukateremka vizuri, watu wakauburura. Yeye alikuwa amesimama karibu na mwamba, akikata za mwisho, moshi umeshaanza kutupita usoni. Akaniita, "Mwenehu, vuta!" Nikavuta. Boriti ya katikati ikakatika. Haikulia kama mti ukatikavyo, ilikatika kimya, na paa lote la upande wake likaenda chini pamoja naye.

Hakuanguka kutoka juu sana. Mtu huanguka kutoka juu zaidi ya hapo akainuka akajipangusa. Ila boriti ilimfuata, ikamtua kifuani. Tulipomtoa nje ya mlango ule mwekundu alikuwa anapumua kwa sauti ambayo sitaki kuieleza. Moto nao ukafika kwenye kuta tupu, ukazilamba, ukakosa cha kula, ukafa. Nyumba ya nne ilipona, na zote za baada yake hadi barabarani. Watu wakapiga makofi. Katika miaka yangu yote ya faya hiyo ndiyo mara ya kwanza watu kutupigia makofi, na sisi tuko chini kwenye mchanga tumemshika Kahindi.

Baadaye nikarudi kuitazama boriti. Nikaibonyeza kwa kidole, kidole kikaingia.

Hospitalini alikaa siku kadha. Kusema kulimuumiza, lakini hakuacha. Nilikuwa nikitoka kazini naenda kukaa naye mpaka nifukuzwe. Siku moja akaniuliza, "Paa langu lini?"

"Jumapili," nikamjibu.

Akacheka kidogo, akashika kifua. "Afunge Ami. Wewe upeleke makuti tu. Fundo zako mimi sizitaki kwangu."

Jumapili haikumkuta. Tulimzika kwao Ganda, nyuma ya nyumba ya babake, na mimi na Ami tulishika mapauro tukafukia kaburi pamoja na ndugu zake. Dama hakututazama. Alikuwa na haki ya kutotutazama.

Jumapili iliyofuata tukaenda wote, zamu zote mbili, lori limejaa makuti mapya na boriti tulizochagua moja moja. Dama alikuwa amesimama kwenye mlango mwekundu, nyuma yake nyumba haina kichwa, mbingu zaonekana.

"Mwataka nini?"

"Tumekuja kuezeka, mwanangu," Ami akasema.

"Boriti hii nalimwambia aibadilishe. Mwaka jana nalimwambia, na mwaka huu. Akaniambia Jumapili. Na kila Jumapili mulikuwa naye nyinyi." Hakupaza sauti. "Faya asikanyage hapa tena. Si leo, si kesho. Mumekwisha kuvunja, basi rudini."

Ami Omari alikuwa ameshatoa meno kwa mazoea, tayari kwa kazi. Akabaki ameyashika mkononi, mdomo umebonyea. Sikupata kumwona mzee hivyo kabla ya siku hiyo. Tukageuza lori tukarudi na makuti yetu.

Baada ya hapo Ami hakuinua upembo tena. Alimwachia mtu mwingine aonyeshe. Alipostaafu nilikuwa nikienda kumtazama, macho yameshamwishia, na kila mara aliniuliza neno lile lile: "Paa la Kahindi?" Nami namjibu, "Bado, Ami." Amekufa jibu likiwa hilo. Ile desturi nayo ikafa. Hakuna aliyesimama akasema imekwisha. Jumapili moja tulikuja wawili, iliyofuata nikaja peke yangu, na ya baadaye nami sikuja. Kisha mabati yakaenea, mkaja nyinyi, likaja gari jipya. Upembo uko stoo, nyuma ya magurudumu mabovu. Nimewaona mkiuchukua kuangulia maembe ya jirani.

Dama alihama, akaenda Ganda na binti zake, akakaa kwa wakwe zake. Wakati mwingine nilimwona sokoni kwa mbali, amejitwika, na mimi nikazunguka upande wa wauza samaki nisikutane naye. Nikajiambia naheshimu neno lake. Alisema tusikanyage, basi sikanyagi. Nilijiambia hivyo mpaka mvi zikanijaa.

Haikutimia wiki tangu mniage, nasikia hodi mlangoni. Mke wangu akafungua, kisha akaniita kwa sauti iliyonifanya nisimame upesi. Dama ameketi barazani kwetu, mwembamba, leso kichwani, viatu amevivua.

"Shemeji," akasema.

Nikaketi ukingoni mwa baraza.

"Nimesikia umestaafu."

"Ndiyo, shemeji."

"Kwa hivyo wewe si faya tena."

"Si faya tena."

"Haya. Jiko langu lavuja."

Nikamtazama, nikadhani ananichokoza. Nikamwambia, "Dama, wewe ulitwambia tusikanyage."

"Nalisema faya asikanyage." Akaikunja ncha ya leso yake. "Faya. Kwani wewe hukuwa na jina? Mtu aliyekula mkononi mwangu. Mtu aliyenipakia mlango rangi. Aliyekuwa na mume wangu siku zake za mwisho zaidi kuliko mimi. Nalikungoja, shemeji. Mwezi wa kwanza ungekuja ningekufukuza, sikufichi. Wa pili pia pengine. Baada ya hapo ningekupikia."

Nililia. Naandika hivyo hivyo ili mjue, kwa kuwa mwanidhani mimi ni mtu wa mizaha. Nililia mbele ya mke wangu na mbele yake, mtu mzima na mvi zangu, na Dama hakunibembeleza. Alingoja nimalize, kama alivyokuwa akingoja bakuli lake.

Jumapili nikaenda Ganda. Nyumba ameiezeka mabati, nduguze walimsaidia, lakini jiko ni la makuti bado, na mvua ilikuwa imelitoboa. Magoti yangu sasa hayapendi ngazi. Nikapanda hivyo hivyo. Dama alishika ngazi kwa mkono mmoja, kwa wa pili akinipa makuti, moja moja. Kabla sijafunga hata safu ya kwanza nikaibonyeza kila boriti kwa kidole. Akaniona, akangoja na kuti mkononi. Kutoka juu pale laonekana kaburi la Kahindi, limejengewa simiti, kuku wanalizunguka. Nilikuwa sijafika hapo tangu tulipomzika.

"Fundo hilo litafunguka," Dama akasema kutoka chini.

"Limekaza."

"Kahindi alikuwa akisema hujui kufunga."

"Alikwambia na wewe?"

"Kila jioni. Athumani kafanya hivi, Athumani kasema vile. Nilikuwa nimechoka na jina lako nyumba ile ya mjini."

Nikalifungua fundo, nikalifunga upya. Nilikawia zaidi juu pale kuliko kazi yenyewe ilivyotaka.

Kwa hivyo neno mliloniomba ni hili, wanangu. Mwakaa pamoja usiku na mchana, mwajuana hata mnavyokoroma, na mwadhani kitu hicho ni cha stesheni, kitabaki stesheni. Hakibaki. Siku mkiondoka mmoja mmoja, hakuna keki itakayowarudishia kitu hicho. Mwenzenu akianguka, nendeni kwake. Mkifukuzwa, rudini tena mwezi ujao. Mimi nalifukuzwa mara moja nikaona yatosha.

Nilipoteremka, Dama alikuwa ameshapika, sima na mtsunga. Nikala, nikakunja uso, akanitazama kama anayetaka kucheka na amesahau kunavyofanywa. Nikanawa mikono, nikachukua kamba zangu zilizobaki.

"Haya, shemeji. Paa limekwisha."

"Jumapili utakuja?"

"Kufanya nini? Si nimekwambia paa limekwisha?"

"Kuketi," akasema. "Ama wewe hujui kwenda kwa mtu ila kwake paungue?"

Jumapili nikaenda.